Njia Kwanza, Mwendo Baadaye
Hotuba kwa wasanifu na wanafunzi wa tovuti, Jinja

Ndugu mwenyekiti, waalimu wangu, wasanifu wenzangu, nanyi wanafunzi mliotoka Kampala, Mbale na Gulu, pamoja na wageni wetu waliovuka mpaka wa Busia kuja kutusikiliza: bassebo ne bannyabo, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie jinsi mtu anavyotoka sehemu moja kwenda nyingine ndani ya tovuti yenye uhuishaji (michoro inayotembea), sauti na video. Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Njia zijengwe kwanza, mwendo ufuate. Tovuti ambayo haipitiki uhuishaji wake ukizimwa bado haijakamilika, hata michoro yake iwe mizuri namna gani.

Kwa kuwa tuko Jinja, mfano wangu wa leo ni tovuti ya shule inayoonyesha safari ya Nile kuvuka Uganda. Tuipe sehemu nane. Ya kwanza ni chanzo hapa Jinja, mahali mpelelezi Mwingereza Speke alipofika mwaka 1862 na kuona maji yakitoka Ziwa Victoria. Ya pili ni bwawa la Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954 na kuyafunika maporomoko ya Ripon na ya Owen. Ya tatu ni Bujagali, ambako maporomoko mengine yalizama kwa ajili ya kituo cha megawati 250 kilichokamilika mwaka 2012. Kisha Ziwa Kyoga, kisha bwawa la Karuma lenye megawati 600, kisha maporomoko ya Murchison, ambapo mto mzima unabanwa kwenye ufa wa mita kama saba na kuanguka zaidi ya mita arobaini. Mwisho Ziwa Albert, na Nimule mpakani, maji yanapoingia Sudan Kusini. Kila sehemu ina ramani inayojichora, sauti ya maji, video fupi na maandishi. Swali letu ni moja: mtoto wa darasa la sita aliye Bujagali atafikaje Murchison, na akifika huko atarudije?

Kabla ya kujibu, turudi nyuma kidogo, kwa sababu swali hili liliwahi kujibiwa vibaya na dunia nzima kwa miaka mingi.

Mwaka 1996 ilitoka programu iliyoitwa FutureSplash Animator. Kampuni ya Macromedia ikainunua, ikaipa jina la Flash, na baadaye Adobe nayo ikainunua Macromedia. Flash ilileta kwenye intaneti kitu ambacho HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, ya wakati ule haikuweza kukitoa: michoro inayotembea, sauti inayofuatana na picha, vitufe vinavyoitikia kidole. Wengi waliipenda, na walikuwa na haki ya kuipenda. Shida ilianzia kwenye muundo. Tovuti nzima ilifungwa ndani ya faili moja, na faili hilo lilikaa kwenye ukurasa mmoja wenye anwani moja. Ulipita sehemu ya kwanza, ya tano, ya nane, ukasoma, ukatazama, lakini kivinjari kilijua jambo moja tu, kwamba umefungua ukurasa mmoja. Ukibonyeza kitufe cha kurudi ukitegemea kurudi sehemu ya saba, unatupwa nje ya tovuti kabisa. Ukitaka kumwonyesha mwenzako sehemu ya tano, unampa anwani ya mlango wa mbele na maelezo marefu ya wapi abonyeze.

Mwezi wa Oktoba 2000, Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, aliandika makala kali akidai kwamba karibu matumizi yote ya Flash wakati ule yalikuwa mabaya. Miongoni mwa sababu zake ilikuwa hiyo ya kitufe cha kurudi kutofanya kazi. Makala hayo yaliwaudhi wasanifu wengi, lakini kwenye hoja hiyo alikuwa sahihi. Watengenezaji wenyewe walikiri kwa vitendo: Flash MX ya mwaka 2002 ilileta nanga zenye majina, ambazo msanifu aliweza kuzitia kwenye fremu fulani (picha moja katika mfuatano wa uhuishaji) ili kivinjari kizitambue kama mahali pa kurudi. Ilikuwa tiba ya baadaye kwa ugonjwa uliotokana na msingi. Simu ya iPhone haikuwahi kuiendesha Flash, na tarehe 31 Desemba 2020 Adobe iliacha kuihudumia. Siku chache baadaye, tarehe 12 Januari 2021, programu yenyewe ilianza kukataa kuonyesha kazi zile.

Naieleza historia hii kwa sababu mbili. Kwanza, makosa ya Flash yanarudiwa leo kwa vifaa vipya. Naona tovuti za JavaScript, lugha ya programu zinazoendeshwa ndani ya kivinjari, zenye sehemu kumi na anwani moja, na wenye kuzitengeneza hawakuwahi kuigusa Flash maishani mwao. Pili, wasanifu bora wa Flash walituachia muundo mmoja mzuri sana ambao tusiutupe pamoja na mengine. Badala ya kujaza kila kitu kwenye faili moja zito, walitengeneza ganda jepesi lenye menyu, na kila sehemu ikawa faili lake. Ganda lilibaki kwenye skrini wakati wote, na sehemu iliitwa pale tu ilipohitajika. Mgeni hakungoja tovuti nzima ishuke ndipo aone chochote. Ganda na sehemu zake: shikeni hilo.

Sasa turudi kwenye mto wetu.

Hatua ya kwanza ni karatasi na kalamu. Chora sehemu zako nane kama visanduku, kisha chora mishale. Mto una mfuatano wake wa asili, kwa hiyo kila sehemu itakuwa na mshale wa kushuka na maji na mshale wa kupanda kuelekea chanzo. Lakini mwalimu wa Karuma hataki kuanzia Jinja kila siku, kwa hiyo lazima pawe na ramani inayomruhusu mtu kuruka popote. Hizo ni aina mbili za mwendo, kwenda kwa jirani na kuruka mbali, na kila aina itahitaji mpito wake, yaani mwendo unaoonekana sehemu moja inapobadilika kuwa nyingine. Wengi hupita hapa haraka, nami nawaomba tukae kidogo.

Ukiwa na sehemu nane, na kutoka kila moja unaweza kwenda saba nyingine, una njia 56. Msanifu anayetengeneza uhuishaji wa pekee kwa kila njia amejitwisha kazi 56, na siku mteja akiongeza bwawa la Isimba kama sehemu ya tisa, zinakuwa 72. Hakuna kikundi kidogo cha Kampala kinachoweza kuubeba mzigo huo. Badala yake, kila sehemu ijue mambo mawili tu: jinsi ya kuingia na jinsi ya kutoka. Murchison haihitaji kujua kama mgeni ametoka Kyoga au Nimule. Inapoambiwa itoke, inafifisha sauti ya maporomoko, inasimamisha video na kuondoka. Inapoambiwa iingie, inaingia. Hapo una vipande 16 badala ya 56, na sehemu mpya inaongeza viwili tu. Ile sauti ya maji inayoendelea kunguruma wakati mtu ameshafika Nimule, ambayo sote tumewahi kuisikia kwenye kazi za namna hii, hutokana na sehemu isiyofundishwa kutoka.

Nani basi anayetoa amri za kuingia na kutoka? Programu yako iwe na mahali pamoja panapotunza jibu la swali hili: msomaji yuko sehemu gani sasa? Pawe pamoja tu, na jibu hilo tuliite hali. Menyu isome hapo, anwani isome hapo, sauti isome hapo, uhuishaji usome hapo. Tabia ya zamani ya kukiambia kila kitufe kiipeleke programu fremu fulani icheze kuanzia pale ilieneza jibu hilo kwenye vitufe vyote, na baada ya miezi sita hata aliyeandika hakuweza kulifuatilia.

Faida yake utaiona mara ya kwanza mtoto asiye na subira anapoishika simu. Anagusa Karuma. Mto unaanza kutiririka kuelekea Karuma. Kabla haujafika, anagusa Murchison. Nini kitokee? Nimeona tovuti zinazofunga vitufe vyote hadi mwendo uishe, na mtoto anadhani simu imekwama. Nimeona nyingine zinazopanga foleni, zikimpeleka Karuma kwanza kisha Murchison, naye alishabadili nia. Jibu sahihi ni kwamba mguso wa mwisho ndio unaotii­wa, papo hapo, na mwendo uliokuwa njiani ugeuke kuelekea huko. Hilo linawezekana kwa urahisi pale tu mwendo unapoifuata hali. Kama hali ndiyo inayousubiri mwendo, utahangaika.

Na mwendo wenyewe useme kitu. Mtu anapokwenda kwa jirani, picha isogee upande ule ule mto unakoelekea. Akirudi juu kuelekea chanzo, isogee kinyume chake. Anaporuka kutoka Jinja hadi Nimule, usimpitishe sehemu sita zisizomhusu. Ramani irudi nyuma hadi aione Uganda nzima, kisha isogelee mpaka wa kaskazini. Ndani ya nusu sekunde mtoto amejifunza kwamba Nimule iko mbali na iko kaskazini, na hakuna mstari wa maandishi uliomwambia. Hapo ndipo uhuishaji unapostahili nafasi yake. Mpito unaozungusha ukurasa kama tiara bila sababu unamfundisha nini? Naomba tuwe wakali kwa kazi zetu kwenye jambo hili.

Kuhusu muda, kuna vipimo vya zamani ambavyo Nielsen alivieleza mwaka 1993 na bado vinatumika: jibu la ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde mtu huliona la papo hapo, hadi sekunde moja mawazo yake hayakatiki, na baada ya sekunde kumi umempoteza. Kwa hiyo kitufe kionyeshe mara moja kwamba kimeguswa, na mpito wote uishe kabla ya sekunde moja. Mpito wa sekunde tatu hupendeza mara ya kwanza, na mara ya tano humchosha mtu yule yule.

Sasa anwani. Kila sehemu iwe na anwani yake. Karuma iishie na karuma, Kyoga iishie na kyoga, kwa maneno yanayosomeka. Vivinjari vya leo vina njia, iliyokuja na HTML5, ya kubadilisha anwani na kuandika kumbukumbu ya safari bila kuufungua ukurasa upya. Kwa hiyo kisingizio cha wakati wa Flash kimekwisha. Fikirieni mwalimu wa Arua anayetuma somo kwa wanafunzi wake kwa WhatsApp. Anataka waone Karuma, si mlango wa mbele, si utangulizi. Anatuma kiungo kimoja na wanafika. Mwanafunzi akimaliza akabonyeza kitufe cha kurudi, au akatelezesha kidole ukingoni mwa skrini, arudi kwenye sehemu aliyotoka, tena pale pale alipokuwa amefikia kusoma.

Kuna wenzetu ambao hawaioni skrini, wanatumia programu inayowasomea. Sehemu ikibadilika bila ukurasa mpya kufunguliwa, programu ile hukaa kimya, na msikilizaji hajui kama alichokigusa kimefanya kazi. Kwa hiyo kila mpito ubadilishe pia jina la ukurasa, na umpeleke msomaji kwenye kichwa cha sehemu mpya ili kisomwe. Ni mistari michache ya msimbo wa programu. Kuiacha ni kumfungia mtu nje.

Tena kuna wanaopata kizunguzungu picha kubwa zikisogea. Simu na kompyuta zao zina mpangilio wa kupunguza mwendo, na tovuti inaweza kuusoma. Ukiukuta umewashwa, badilisha sehemu kwa kufifisha tu au kwa kukata moja kwa moja. Miongozo ya kimataifa ya ufikikaji, yaani ya kuifanya tovuti itumike na watu wenye ulemavu pia, inataka chochote kinachojiendesha chenyewe kwa zaidi ya sekunde tano sambamba na maandishi kiwe na kitufe cha kukisimamisha, na kisiwepo kitu kinachomeremeta zaidi ya mara tatu kwa sekunde moja, kwa sababu kinaweza kumletea mtu kifafa. Kama ulijenga njia kwanza, haya yote ni mepesi, maana tovuti yako inapitika hata mwendo ukiondoka.

Menyu ikae mahali pamoja kwenye sehemu zote nane. Mgeni anayeingia Old Taxi Park pale Kampala anaokolewa na vibao vya stegi: Entebbe huku, Jinja kule. Hebu fikirieni vibao hivyo vingekuwa vinajificha na kuhama kila baada ya dakika. Alama za picha peke yake hazitoshi, andika maneno. Sehemu aliyopo msomaji itiwe alama, na alama hiyo isitegemee rangi tu. Kwenye simu iweke menyu chini, karibu na kidole gumba. Toleo la miongozo ile ya ufikikaji lililotoka Oktoba 2023 linataka kitu cha kuguswa kisipungue pikseli 24 kwa 24, lakini kwa watoto mimi ningekwenda 44 bila kusita.

Halafu kuna kitufe cha lugha, ambacho kwetu Uganda si pambo. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kwa katiba tangu marekebisho ya mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Tovuti ya mto huu itahitaji Kiingereza na Kiswahili, na kama tuna heshima kwa watu wanaoishi kandokando yake, Lusoga na Kiacholi pia. Sasa mtoto yuko Murchison, anagusa Kiswahili, na tovuti inamrudisha Jinja mwanzo kabisa. Jambo hili linatokea kwenye tovuti nyingi kubwa. Kubadili lugha kusibadili mahali. Lugha na sehemu ni mambo mawili tofauti, na yote mawili yaonekane kwenye anwani.

Niguse gharama, maana MB zinanunuliwa. Wote hapa mnakumbuka ushuru wa shilingi 200 kwa siku wa mwaka 2018 wa kutumia mitandao ya kijamii, na ule wa asilimia 12 kwenye data uliokuja kuushika nafasi yake Julai 2021. Ganda liwe jepesi. Vitu vya Karuma visishuke mpaka mtu aende Karuma. Wataalamu wengine hupendekeza sehemu jirani ziteremshwe mapema kimyakimya ili mpito uwe laini. Nakubali kwa maandishi na picha ndogo. Kwa video nakataa, maana huna haki ya kutumia bando la mzazi wa mtu kwa filamu ambayo hajaomba kuiona.

Utangulizi wa uhuishaji mlangoni, ule wenye nembo inayozunguka, uacheni. Hata sauti yake haitasikika, kwa kuwa tangu mwaka 2018 kivinjari cha Chrome huzuia sauti kuanza kabla mtu hajagusa ukurasa. Acheni pia kuuteka mwendo wa kidole. Mtu anaposogeza ukurasa kwa kidole chake, ukurasa usogee kwa kadiri ya kidole chake, usimrushe sehemu nzima kwa mguso mdogo.

Kwa wanaoanza mradi mwezi huu, nawapa ushauri wa wazi. Tengenezeni sehemu nane kama kurasa nane za kawaida za HTML, kila moja na anwani yake, zilizounganishwa kwa viungo vya kawaida. Kisha waachieni vivinjari kazi ya mpito. Chrome tangu mwaka 2023 inaweza kuhuisha mabadiliko ndani ya ukurasa mmoja, na tangu 2024 kati ya ukurasa na ukurasa, kwa mistari michache ya CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa kurasa. Kivinjari cha Safari nacho kimeingia. Kwenye simu ya zamani isiyojua jambo hilo, ukurasa mpya unafunguka tu bila mapambo, na mtoto anaendelea kusoma. Ganda la JavaScript litumieni pale tu penye kitu kinachotakiwa kuendelea bila kukatika kati ya sehemu, mfano sauti ya msimulizi anayeufuata mto kuanzia Jinja hadi Nimule.

Mkimaliza, msijipime wenyewe. Mpeni simu mtoto ambaye hajaiona tovuti, mwambieni atafute Bujagali ilikuwaje kabla ya bwawa, kisha arudi kwenye ramani, kisha amtumie rafiki yake ukurasa wa Karuma. Nanyi mkae kimya kabisa. Andikeni kila mahali kidole chake kinaposita. Kisha zimeni uhuishaji wote, mpeni mtoto mwingine kazi ile ile. Akikwama mahali ambapo wa kwanza hakukwama, basi mwendo ulikuwa unaficha njia isiyokuwepo, na pale ndipo pa kurudi kwenye karatasi.

Karatasi ziko kwenye meza ya nyuma. Kabla ya chakula cha mchana kila kikundi kichore visanduku vyake na mishale yake, kompyuta zikiwa zimefungwa, nami nitapita mezani kwenu nikiuliza kila mshale unatoka wapi na unarudije. Asanteni sana kwa kunisikiliza.